Barua za Wasiorudi: Kosa la Salamu

Kidole cha Nanyama kilikuwa bado kimekaa juu ya ule mstari.

Najua mmeulizana wiki nzima, kwenye foleni na kwenye hoteli za chai, aliona nini pale. Nitasema. Lakini yuko mwenzenu aliyelipata gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, labda amefungiwa sukari ndani yake, na huyo naye ni mtu. Basi ajue haya tu.

Ni mwaka wa 1938, mjini Eldoret, kwenye baraza la duka la Mhindi mkabala na posta. Hapo ndipo ilipo meza ya Stephen Kipyego, karani anayewaandikia barua wafanyakazi wa mashambani wasiojua kusoma. Nanyama ametembea siku tatu kutoka Kimilili kumtafuta mumewe, Kituyi, aliyekuwa ameajiriwa na Kaburu mmoja upande wa Soy. Kule shambani ameambiwa kwamba Kituyi alitiwa sahihi kipande chake, cheti cha kazi, akaaga na kuondoka, miezi minane iliyopita. Hata hivyo barua zake zimeendelea kufika nyumbani, tatu, zikisema yu mzima na kazi ya shamba inambana. Zote tatu ni maandishi ya Stephen.

Sasa tuendelee.

"Soma hapa, karani," alisema Nanyama.

Stephen akasoma. Nisalimie mama mkwe wangu Nasimiyu, umwambie nimesikia habari ya mguu wake.

Akasema haoni ubaya. Salamu ni salamu, na mguu ulikuwa unauma kweli, kwani Nanyama mwenyewe alikuwa ameeleza katika jibu lake.

"Nasimiyu ni mama yangu," Nanyama alisema. "Kwetu mwanamume hataji jina ya mama mkwe. Kituyi akimwona mama njiani anaingia kwa kichaka mpaka apite. Miaka tisa amenioa, sijasikia hiyo jina kwa mdomo yake hata siku moja. Mwenye kusema haya maneno si bwana yangu."

Stephen alitaka kubisha. Alikuwa mtu wa majivuno kidogo, tuseme ukweli, na jambo alilojivunia kuliko yote ni kwamba barua yake haikosei salamu. Makarani wengine waliandika "wasalimie wote" wakala hela ya mtu bure. Stephen alikuwa na daftari. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake, na kwenye ukurasa huo watu wa nyumbani kwake wamepangwa kwa majina, nani anaanza, nani anafuata, nani ni mgonjwa, nani ana deni la maneno na nani. Wateja walikuja kutoka mashamba ya kule Ziwa kwa miguu kwa sababu ya daftari lile.

Akalifungua kwenye ukurasa wa Kituyi ili amwonyeshe mama huyu kwamba amekosea.

Kituyi alikuwa amekuja mwenyewe mara moja, mwaka uliotangulia, na Stephen alikuwa ameandika alivyoambiwa. Baba. Mama. Mke, Nanyama. Watoto wawili. Chini kabisa aliona maneno ambayo mkono wake mwenyewe uliandika na kichwa chake kikayasahau: Mama mkwe, jina halitajwi.

Alilifunga daftari polepole. Kwa hiyo alijua. Aliambiwa, akaandika, kisha akaja mtu mwingine kumtolea maneno ya barua, na kwa kuwa maneno yale yalikuwa matamu hakujisumbua hata kuufunua ukurasa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Na huyo mtu mwingine ni nani? Mnaofuatilia mnamjua tayari, mmekaa naye tangu sehemu ya kwanza mkimpenda, kama nilivyotaka mmpende. Ni Kiprotich.

Kiprotich aliendesha gari la ng'ombe, jozi nane, akileta mahindi ya Makaburu kutoka Soy na Ziwa mpaka stesheni ya reli. Yeye na Stephen walitoka jando moja. Walipokuwa vijana kule Tambach walikaa miezi katika kibanda kimoja msituni, na baridi ilipozidi Kiprotich alimpa Stephen nusu ya ngozi yake ya kulalia. Watu waliotoka pamoja namna hiyo hawashtakiani. Hawafungiani milango. Kiprotich hakujua kusoma, lakini kila alipofika mjini alikuja mezani, akakaa kwenye sanduku la chai, akasema fulani wa shamba fulani amebanwa na kazi, ameniagiza nimtolee barua.

Stephen akafungua daftari tena, safari hii akitafuta jina la Kiprotich. Ukurasa wa Shitanda kutoka Kabras: maneno yameletwa na Kiprotich. Ukurasa wa Jackson kutoka Maragoli: Kiprotich. Akaendelea mpaka akafika wa sita. Watu sita, Kituyi akiwa mmojawao, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kurudi mezani kwa miguu yake mwenyewe baada ya Kiprotich kuanza kumsemea.

"Twende polisi," Nanyama alisema.

Stephen akamwomba asubiri mpaka jioni. Alimweleza kwamba rafiki yake huenda alikuwa na sababu, huenda Kituyi amejificha mahali na hataki kurudi, mambo kama hayo hutokea. Alisema mengi. Nanyama alimwacha amalize, akazikunja barua zake tatu na kuzifunga ndani ya kifurushi chake cha kitambaa cha buluu.

"Karani, mimi sijui kusoma," alisema. "Lakini katekista wetu amenionyesha ule mstari, na ananiambia mkono ni moja. Wakiuliza ni nani amenidanganya miezi hii yote, nitaonyesha huyu mkono. Nangoja mpaka jioni."

Hapo ndipo woga wa Stephen ulipopata jina. Kamba ya serikali haiulizi nani alitoa maneno. Barua ni zake, wino ni wake, daftari lenye majina ya wafu lilikuwa mbele yake juu ya meza yake, na mtu mweusi aliyepatikana na ushahidi wa namna hiyo hakuwa na siku nyingi. Alikuwa na mpaka jioni kumpata mwenye maneno, la sivyo shingo ingekuwa ya mwenye kalamu.

Alimpeleka Nanyama nyumbani kwake lokesheni, mtaa wa Waafrika, apumzike na apewe uji. Jemutai, mke wa Stephen, alikuwa mlangoni akichambua mboga. Stephen akamwita kando, akamweleza yote kwa haraka, daftari, salamu, Kiprotich, barua zilizomo ndani ya kile kifurushi. Kwa nani mwingine angesema?

Jemutai alimsikiliza bila kuinua macho. Akauliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Stephen akasema hapana.

"Sawa. Wewe nenda ukaangalie," alisema. "Mgeni nitamtunza mimi."

Stephen akashukuru Mungu kwa mke mtulivu. Wajinga wa aina hii wako wengi, msomaji wangu, na wengi wao ni watu wanaojua kusoma. Katika njia nzima ya kwenda kwa Kiprotich hakukumbuka neno ambalo Jemutai alimwambia wakati wa mvua za mwaka jana, kwamba nyumba hii imejaa maneno ya wake za watu wote isipokuwa ya mke wake. Alikuwa amelicheka neno lile, kisha akalitia kwenye hadithi. Maana Stephen, kama huyu anayewasimulia, alikuwa na ugonjwa wa kuandikia gazeti. Hadithi zake mbili zilikuwa zimechapwa Nairobi kwa jina lake, na alinunua kofia kwa furaha. Zote mbili alizitoa kwenye barua za Kiprotich.

Kiprotich alikuwa safarini Soy. Ufunguo wa chumba chake ulikuwa chini ya jiwe la kusagia, na Stephen aliujua kama anavyoujua wa kwake.

Chumba kilikuwa safi. Kitanda, sufuria, mijeledi miwili ukutani. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati ambalo Stephen mwenyewe alimsaidia kulibeba kutoka dukani. Halikuwa na kufuli. Akalivuta kwenye mwanga wa mlango.

Juu palikuwa na blanketi. Chini ya blanketi palikuwa na vibati vya kipande, vile wanavyovaa wanaume shingoni kwa kamba kila waendako, maana mtu bila kipande hukamatwa kabla hajafika kona ya kwanza. Hakuna anayeacha kipande chake kwa mtu.

Akavitoa kimoja kimoja. Vilikuwa sita. Ndani ya cha mwisho karatasi ilikuwa na alama ya kidole gumba, sahihi ya Kaburu wa Soy na jina la Kituyi.

Stephen akakaa sakafuni. Aliliona lile jina, akafikiria yule mama aliyetembea siku tatu, akataka kulia, na kabla machozi hayajatoka akasikia magurudumu ya gari yakisimama nje.

Kiprotich aliingia akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliona sanduku, aliona vibati kwenye mapaja ya mwenzake. Hakushtuka. Alitundika mjeledi wake ukutani, akachota maji kwenye mtungi, akanywa, akamjazia na Stephen kikombe kingine.

"Nani amekuambia?" aliuliza.

"Mama mkwe wa Kituyi. Ulimtaja jina."

Kiprotich alifikiri kidogo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekosea hesabu ndogo. "Mimi niliisikia kwako," alisema. "Ulinisomea jibu ya mke wake. Nikaona ni vizuri tumsalimie mzee."

Stephen akamuuliza kama ni kweli amewaua. Sauti yake ilikuwa ndogo, na bado alikuwa akitarajia kuambiwa hapana. Mtu akisalitiwa na rika lake, masikio huwa ya mwisho kukubali.

Kiprotich alikaa kitandani. Akaeleza taratibu, bila kujificha, kama alivyozoea kutoa barua. Wa kwanza, alisema, hakumkusudia. Alimpa nafasi kwenye gari, wakagombana karibu na bwawa kule upande wa Ziwa, akampiga, mtu akaanguka vibaya. Akaogopa kwamba watu wa kwao watauliza, ndipo akaja kwa Stephen.

"Ukaniandikia," alisema. "Halafu ukanisomea. Stephen, nikasikia huyo mtu anaongea. Anauliza habari ya watoto. Anasema paa itengenezwe kabla ya mvua. Nilikuwa nimemwacha kwa matope, na wewe umemrudisha hapo kwa meza, na mimi ndio mdomo yake. Siku hiyo nililala vizuri. Mimi tangu nizaliwe hakuna mtu alikuwa ananingojea nyumbani. Sasa kuna mke wa mtu, mahali fulani, anangojea maneno yangu."

"Kwa hiyo ukaua mwingine. Kwa ajili ya barua."

"Maneno ya mtu mmoja yanaisha. Inabidi utafute mwingine."

Stephen alisema, na hapa machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, kwamba Kiprotich angemwambia tu. Wangekaa pamoja wakatunga watu wa uongo, wakawapa wake wa uongo na watoto wa uongo, karatasi haijali. Angemwandikia barua kila juma bila senti.

"Nilijaribu," Kiprotich alisema. "Umesahau. Nilikuletea mtu wa kutunga, nikamwita Nicanor, fundi wa matofali. Uliandika nusu ukaweka kalamu chini. Ukaniambia, Kiprotich, hii barua haina mtu ndani yake. Niletee kama zile zingine."

Stephen alikumbuka. Alikumbuka mpaka rangi ya wino wa siku ile. Alikuwa amechoka, gazeti la Nairobi lilikuwa linangoja hadithi, na alitaka kitu cha kweli. Kituyi alipotea juma lililofuata.

Tumpe Stephen haki yake. Aliinuka. Akasema kwamba jando au si jando, anakwenda polisi sasa hivi, na akinyongwa naye basi wanyongwe wote wawili, lakini yule mama atapata mumewe amzike.

Kiprotich hakumzuia. Hakusogea hata kitandani.

"Sawa," alisema. "Lakini ukienda hivyo, una vipande sita mkononi na barua zote ni mkono yako. Watakufunga, na huyo mama hatapata hata mfupa, kwa sababu mahali walipo najua mimi peke yangu. Panda gari twende. Nikuonyeshe Kituyi. Uweke alama. Kesho asubuhi tutaenda polisi wawili, nitasema kila kitu. Hiyo nakuapia kwa ile ngozi tulilalia."

Sasa nyinyi mnapiga meza mkisema usipande, Stephen. Ni rahisi kusema. Nyinyi hamkulala kwenye ngozi ile. Maneno yale yalimwingia mahali ambapo hasira haifiki, na alimwamini, kwa sababu kama hata hilo ni uongo basi hakuwa na rafiki tangu ujana wake. Akaitika kwa kichwa.

Kiprotich akamshika bega kwa upole na kutoka nje kuwanywesha ng'ombe maji.

Stephen alibaki peke yake. Akapiga magoti avirudishe vibati sandukuni, avifunge vizuri ndani ya blanketi, avipeleke polisi kesho kwa heshima. Alipolivuta blanketi, bahasha ikajitokeza chini kabisa. Ilikuwa imeshabandikwa stempu. Ilikuwa imeandikwa jina la mama yake, kwa anwani ya misheni ya Tambach.

Aliifungua.

Mama yangu mpendwa, baada ya salamu nyingi, mimi ni mzima. Usinitafute Eldoret. Nimepata kazi ya ukarani Uganda, nimeondoka kwa haraka na sikupata nafasi ya kuja kukuaga. Yule ng'ombe mwekundu usimwachie mtu mwingine amkamue, atampiga teke. Dawa ya kifua iko pale juu ya mlango, nilisahau kukwambia. Mwambie Kibet asicheze kwenye genge, ataanguka. Mama yake atakuja mwenyewe kumchukua. Ni mimi mwanao, Stephen Kipyego.

Tarehe yake ilikuwa ya keshokutwa.

Akaisoma tena, na safari hii aliisoma kama karani. Alitafuta kosa. Kiprotich lazima angekosea mahali, angemsalimia asiyesalimiwa, angesahau kifua cha mama. Hakukuwa na kosa. Ng'ombe alikuwepo, dawa ilikuwepo, genge la nyuma ya nyumba lilikuwepo, na Kibet, mtoto wa pekee wa Stephen na Jemutai, anayekaa na bibi yake, alikuwa amewekwa mwisho, pale ambapo Stephen humweka siku zote ili mama amalize kusikiliza akiwa anacheka.

Tena Kiprotich hakujua kuandika.

Ndipo alipoitazama herufi k. Ilikuwa na mguu mrefu uliovuka mstari. Alikuwa ameupigania mguu ule misimu miwili ya mvua, jioni baada ya jioni, juu ya meza yao ya chakula, akimshika mwanafunzi wake mkono na kumwambia ufupishe, mke wangu, ufupishe. Mwishowe mwanafunzi akasema amechoka, kuandika hakumfai, akaacha. Stephen aliamini kwamba ameacha.

"Stephen," Kiprotich aliita kutoka nje. "Gari iko tayari."

Akatoka na karatasi mkononi, maana hakuwa na nguvu ya kuificha. Jua lilikuwa bado kali. Ng'ombe walikuwa wameshafungwa nira, na Kiprotich alikuwa amesimama mbele yao akiwapangusa pua.

Juu ya gari, penye magunia matupu, alikuwa ameketi Jemutai. Alikuwa amejifunga kilemba cha kwendea kanisani. Mapajani alikuwa ameshika kifurushi cha kitambaa cha buluu, na Nanyama hakuwa naye.

Stephen alimuuliza mgeni yuko wapi. Jemutai akasema amekunywa uji, amelala. Kisha akaitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwa mumewe, akasogea ili ampe nafasi ya kukaa.

"Umemaliza kusoma, Baba Kibet?" aliuliza. "Kama kuna mahali nimekosea, niambie tukiwa njiani."